Tuombe amani, tuombee amani, au tuiombee nchi amani?

SWALI: Jumuiya yetu hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, imepewa kuandaa maombi ya waamini ya Dominika ya pili ya Majilio, majuma yale ya kuingojea Noeli. Niliandika: "Tuombee amani ya nchi yetu." Mwenzangu akakata, akaandika: "Tuiombee nchi yetu amani." Mzee wetu akasema yote mawili ni kuzunguka, tuseme tu "Tuombe amani." Nani yuko sahihi?

JIBU: Dada yangu, nitaanza na mzee, maana jibu lake ni fupi. "Tuombe amani" ni sahihi kabisa: amani ndiyo kitu kinachoombwa, kama mtu aombavyo maji. Kinachokosekana ni mlengwa. Tunaiomba iende kwa nani?

Hapo ndipo irabu moja inapofanya kazi kubwa. *Omba* ikiwa *ombea* inadai anayeombewa. Tunamwombea mgonjwa, tunamwombea marehemu. Ukisema "kuombea amani", amani yenyewe imelazwa kitandani, nasi tumeizunguka tukiiombea isizimike. Matumizi hayo yameenea. Tanzania kila uchaguzi unapokaribia utasikia "maombi ya kuombea amani", na siyaiti makosa. Yanafaa pale ambapo amani ipo na inatiliwa hofu. Lakini wewe unaandika kutoka mji ambao waasi wa M23 waliuingia Februari 2025. Huilindi amani uliyo nayo, unaililia isiyokuwapo. Kwa hiyo anayeombewa ni nchi, na amani ndicho inachoombewa. Mwenzako amepatia.

Kuna jambo jingine katika sentensi yako. "Tuombee" ina masikio mawili. Mmoja atasikia *tu-* ya watenda: sisi na tuombee. Mwingine atasikia *tu-* ya watendewa: wewe, tuombee sisi. Ndiyo *tu-* iliyomo katika "Malkia wa amani, utuombee", sifa ambayo Papa Benedikto XV aliiingiza katika litania ya Bikira Maria mwaka 1917, vita kuu ikiendelea. Msomaji akisimama mbele na kusema "Tuombee amani", kanisa halijui kama linaalikwa kusali au kama Mama Maria ndiye anayeitwa. "Tuiombee nchi" haina utata huo, kwa kuwa ile *i* inaifunga nchi.

Ukitaka shahidi, tazama Zaburi ya 122, ambayo huimbwa Dominika ya kwanza ya Majilio katika Mwaka A, ule wa kwanza katika mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya Misa: "Utakieni Yerusalemu amani." Ile *u* ya mwanzo ni mji. Sentensi inaugusa mji kwanza, kisha amani inafuata peke yake, bila kiambishi cha kuiwakilisha ndani ya kitenzi. Ni muundo uleule wa mwenzako. Ndiyo maana ukitaja mji utaandika "Tuuombee mji wa Bukavu amani", *u* mbili, na usiogope kuzitamka zote. Ukitaja watu, "Tuwaombee". Nisichoweza kukubali ni "Tuwaombee amani nchi yetu", nisikiayo mara nyingi: *wa* ni watu, na nchi imebaki nje ya mlango.

Hata neno *Majilio* limebeba kauli ya kutendea, ileile ya *ombea*. *Ja* ni kufika tu. *Jia* na *jilia* ni kumfikia mtu. Anayengojewa majuma haya hapiti njia zake, anatujilia. Nalipenda neno hili kuliko "Adventi", ambayo masikio yetu hayaioni asili yake.

Na *amani* yenyewe tuliipata kwa Kiarabu, katika shina moja na *imani*, *amini* na *amana*. *Amina* ya Kiebrania ni ndugu yao wa mbali. Kwa hiyo kila ombi lako la amani linapofungwa kwa "Amina", shina lilelile linarudi mdomoni.

Ningeandika hivi: "Tuiombee nchi yetu amani, na waliokimbia makwao tuwaombee njia ya kurudi. Ee Bwana, twakuomba." Utakapoisoma, tua kidogo baada ya "makwao", usiunganishe. Watakuwapo kanisani wanaohitaji pumzi hapo.