Muulize Fundi Bomba: Hita isiyo na tangi katika nchi ya barafu

Tangu theluji ya kwanza ianguke, barua za hita za maji zimezidi barua nyingine zote nilizoletewa. Nimechagua sita. Kwa msomaji ambaye hajaiona, hita hii ni kisanduku cha ukutani, hakizidi sanduku la safari. Ukifungua bomba, maji hupita kwenye koili (bomba lililojisokota) ndani yake, moto wa gesi unawaka wenyewe, na maji yanatoka yamepata moto kadiri ulivyoagiza. Ukifunga, moto unazima. Tangi la zamani lilikuwa na akiba. Hita hii hupika kwa kuagizwa, haina akiba hata ya kikombe kimoja, na karibu kila swali lililo hapa limezaliwa na jambo hilo.

Fundi, shikamoo. Mwezi Agosti tulitoa tangi la galoni 50 tukafungiwa hita ya ukutani. Aliyetuuzia alisema maji ya moto hayataisha kamwe. Kiangazi kweli hayakuisha. Sasa wanangu watatu wakiingia mabafuni pamoja saa kumi na mbili asubuhi kabla ya basi la shule, maji yanatoka vuguvugu tena machache. Nimeuziwa mashine mbovu? (Mama wa watatu, Minneapolis)

Marahaba, mwanangu. Mashine ni nzima. Kilichobadilika ni mto. Minneapolis inakunywa maji ya Mississippi. Agosti maji hayo yanaingia kwako yakiwa na nyuzi kama 25 za sentigredi. Januari, mto ukiwa umeganda juu, yanaingia na nyuzi 2 hivi. Moto ni uleule, kazi imekuwa zaidi ya maradufu.

Chukua kalamu. Hita kubwa za nyumbani huandikwa BTU 199,000 kwa saa; BTU ni kipimo cha joto. Ikiwa ufanisi wake ni asilimia 95, basi lita zinazopita kwa dakika, ukizizidisha kwa nyuzi unazotaka kupandisha, jibu lisizidi 790 hivi. Shawa ya kawaida ya Marekani hutoa hadi lita 9.5 kwa dakika, na mtu huoga kwa nyuzi 40. Kutoka 2 hadi 40 ni nyuzi 38. Shawa mbili ni lita 19, mara 38, unapata 722. Zinatosha. Shawa tatu zinafika 1,083, na hapo ndipo mwanao wa tatu anapopiga kelele. Hita nyingi zikizidiwa hivyo hubana maji ili yaliyobaki yawe ya moto, nyingine huyaachia yapoe. Kiangazi hesabu hiyohiyo ya watoto watatu haifiki hata 430, ndiyo maana aliyekuuzia alionekana mkweli.

Usinunue mashine ya pili kabla ya kubadilisha vichwa vya shawa. Tafuta vilivyoandikwa galoni 1.8, yaani lita 6.8. Vitatu kwa pamoja vinakupa 775, na hiyo inapita kwa shida, mradi mashine ya kufulia isifue kwa maji ya moto saa hiyo. Au mmoja aoge usiku.

Jambo moja zaidi ulikague. Tangi lako la zamani lilikula gesi ya BTU 40,000 hivi. Hii inataka mara tano. Kama fundi aliiunganisha kwenye bomba lilelile la nusu inchi, inawezekana gesi yenyewe haitoshi, hasa tanuri la kupashia nyumba likiwaka wakati huohuo. Mwite mwenye leseni ya gesi apime presha huku hita, tanuri na jiko vyote vikiwa vimewashwa. Akipima hita peke yake, amekupimia mwezi wa Agosti.

Fundi, hita yetu ina miaka mitatu. Siku hizi inanguruma kama birika linalokaribia kuchemka, na maji yanapanda moto na kushuka nikiwa katikati ya kuoga. Maji yetu ni ya visima vya mji. (Baba Kaka, Brooklyn Park, Minnesota)

Angalia jinsi majirani wawili walivyogawiwa shida. Mama wa Minneapolis anapata maji ya mto, baridi kama barafu, lakini mji umeyalainisha. Wewe unapata maji ya ardhini, ambayo majira ya baridi si makali kama yake, lakini yamebeba chokaa. Kila moto unapowaka, chokaa hiyo inaganda kwenye koili. Huo mngurumo ni maji yanayochemka chini ya ukoko. Ukoko ukizidi, joto haliyafikii maji, chuma kinaungua, na hapo hakuna cha kusafisha tena isipokuwa kununua koili mpya, ambayo bei yake inakaribia ya hita nzima.

Tazama chini ya kisanduku. Kwenye bomba la maji baridi na la maji ya moto panatakiwa pawe na valvu yenye mdomo wa pembeni wa kufungia mpira. Kama zipo, kazi hii unaiweza mwenyewe. Zima umeme wa hita, funga gesi, funga valvu zote mbili za maji. Funga mpira kutoka kwenye pampu ndogo ya kuzamisha hadi mdomo wa upande wa baridi, na mpira mwingine kutoka upande wa moto urudi kwenye ndoo. Mimina siki nyeupe ya kawaida galoni 4, yaani lita 15, washa pampu, iache izunguke kwa saa nzima. Siki itatoka imechafuka kama maji ya kuoshea mchele. Imwage, kisha ruhusu maji safi ya bomba yapite ndani kwa dakika tano hadi harufu iishe. Kabla ya kurudisha kila kitu, chomoa chujio dogo lililo mahali maji baridi yanapoingilia, ulisugue kwa mswaki wa zamani. Nimewahi kuitwa kwenye hita "iliyokufa" nikakuta ni chujio tu, limejaa mchanga.

Kwa maji kama yako, fanya hivyo kila mwaka bila kusubiri mngurumo. Ukiweza, funga mashine ya kulainisha maji kwa chumvi kabla ya hita, na usipandishe hita zaidi ya nyuzi 49, ambazo kwenye kioo cha hita ni 120 za Fahrenheit. Maji yakizidi moto, chokaa hujitenga haraka zaidi, na ngozi ya mtoto huungua.

Kama valvu hizo hazipo, aliyekufungia alikunyima kitu kidogo chenye thamani kubwa. Zifungwe sasa.

Papa fundi, jambo. Huku hakuna gesi ya bomba mtaani kwetu. Hita yangu inatumia mitungi miwili ya propani ya pauni 100 iliyoko nje. Baridi ikifika nyuzi 25 chini ya sifuri, moto unawaka, unazimika. Muuzaji anasema mitungi ina gesi ya kutosha. (Papa wa mapacha, Lewiston, Maine)

Jambo sana, Papa. Muuzaji hasemi uongo. Ndani ya mtungi propani ni majimaji, na hita haili majimaji, inakula mvuke wake. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, kwa hiyo kwenye baridi yako bado inachemka, ila polepole. Ili igeuke mvuke lazima ifyonze joto kutoka ukuta wa mtungi, na ukuta unalipata kutoka hewani. Hewa yenyewe haina joto la kugawa. Hata kule nyumbani umeona mtungi wa jikoni unavyotoka jasho ukipika kwa moto mkubwa muda mrefu. Ni jambo hilohilo, ila huku jasho linaganda.

Hita ya BTU 199,000 ikiwaka yote hutaka kama lita 8 za propani kwa saa. Mitungi yako ni myembamba, haitoi mvuke wa kiasi hicho kwenye baridi hiyo. Dawa yake ni tangi kubwa la kulala, lenye ukuta mpana wa kupokea joto. Omba kampuni ya gesi ikupimie ukubwa kwa jumla ya vyombo vyako vyote na kwa usiku wa baridi kuliko wote, halafu mlijaze kabla halijashuka sana, kwa sababu majimaji yakipungua, ukuta unaoguswa nayo unapungua pia.

Nakusihi, usiwashe kitu chochote chini ya mitungi hiyo ili kuipasha. Usiimwagie maji ya moto.

Fundi, nimerudi na shawa ya umeme kutoka Nairobi, ile ya kufungwa juu bafuni. Naweza kuifunga hapa? (Mpangaji, St. Paul)

Hapana. Ile ya kilowati 5.5 imetengenezwa kwa umeme wa volti 240. Waya za kawaida za bafu la Marekani zina 120, na kwa nusu ya volti unapata robo ya joto. Hata ukiipa volti zake, kwa lita tatu za maji kwa dakika inapandisha nyuzi 26. Maji ya Nairobi ya nyuzi 19 yanafika 45, unaoga vizuri. Maji ya hapa ya nyuzi 2 yanafika 28, unatetemeka. Na nyumba si yako. Mpe ndugu anayerudi.

Mjukuu wangu fundi, baada ya dhoruba ya juzi hita ilizima na kuandika namba kwenye kioo. Nje kuna mabomba mawili meupe ya plastiki, yamefunikwa na theluji. Nipo peke yangu mchana. (Bibi, Edmonton)

Shikamoo, bibi. Usitoke wewe. Subiri kijana aje aifukue theluji kwa mikono, si kwa koleo, plastiki hiyo inavunjika. Bomba moja linavuta hewa, la pili linatoa moshi. Mashine ilipokosa pumzi ilijizima, na ilifanya vyema kabisa.

Midomo ya mabomba hayo inatakiwa iwe angalau sentimita 30 juu ya kimo ambacho theluji ya kwenu hufikia, si juu ya nyasi za Julai. Fundi aiinue. Akiwa hapo, aangalie bomba la moshi limelala kwa kuinamia ndani, sentimita 2 kwa kila mita, ili maji ya mvuke uliopoa yarudi kwenye mashine badala ya kuning'inia nje kama meno ya barafu. Maji hayo ni makali kama siki, hupitishwa kwenye chombo chenye mawe ya chokaa kisha yakaenda kwenye mfereji wa ndani. Kama kibomba chake kimetolewa nje ukutani, kitaganda, na hita itazima tena hata bila dhoruba.

Halafu nakuomba kitu kimoja usiku huohuo: kengele ya kaboni monoksidi karibu na chumba unacholala. Ni ile hewa inayoua watu nyumbani wanaolala na jiko la mkaa ndani huku mlango umefungwa. Haina harufu. Hapa Minnesota sheria inataka kengele iwe ndani ya futi 10 za kila chumba cha kulala. Ikilia, toka nje kwanza, kisha piga simu.

Assalaam aleikum kaka fundi. Familia nzima tunakwenda Mombasa kwa majuma matano kuanzia katikati ya Desemba. Hita iko besimenti, chumba cha chini ya nyumba. Tuiache vipi? (Rochester, Minnesota)

Wa aleikum salaam. Nakujibu nikiwa na jeraha langu. Hita ya nyumbani kwangu niliifunga gereji, kwenye ukuta wa nje, kwa sababu nilitaka bomba la moshi liwe fupi. Usiku wa kuamkia Januari 30, 2019, Minneapolis ilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri. Ndani ya hita mna vipasha vidogo vya umeme vya kulinda koili, navyo vilifanya kazi yao. Havilindi bomba lililo nje ya kisanduku. Bomba la maji baridi, shibiri mbili chini ya mashine, liliganda likapasuka, na hewa ilipolegea mwisho wa wiki gereji ikajaa maji. Sasa hita yangu iko besimenti.

Lakini hata besimenti haitoshi yenyewe. Umeme ukikatika, vipasha hivyo vinakufa. Februari 2021 kule Texas hita nyingi za ukuta wa nje zilipasuka kwa namna hiyo. Tena kama hita yako inavuta hewa ya chumbani, feni ya jikoni au mashine ya kukaushia nguo inaweza kuvuta upepo wa nje kupitia bomba la moshi hadi kwenye koili, ikaganda huku wewe umekaa kwenye joto. Ndiyo maana nasisitiza yale mabomba mawili ya plastiki, moja la hewa na moja la moshi.

Kwa majuma matano, mwaga maji yote. Zima gesi ya hita, zima umeme wake, funga valvu kuu ya maji ya nyumba. Fungua mabomba yote ya moto, kisha fungua vizibo vya chini ya hita na chujio la maji baridi, weka ndoo, acha yatone hadi yaishe. Toa na maji yaliyokaa kwenye mtego wa mfereji, yaani kile kipinde kinachobakiza maji ya mvuke uliopoa. Tanuri la nyumba liache likiwaka kwa nyuzi 13, na ufunguo mwachie jirani.

Mkirudi, vizibo na chujio virudi kwanza. Maji yafunguliwe taratibu, mabomba ya moto yakiwa wazi hadi yaache kukohoa hewa. Mulika kwa tochi chini ya kisanduku kwa dakika kumi. Pakiwa pakavu, washa umeme, kisha gesi. Likionekana hata tone moja, funga tena na mwite fundi kabla ya kuwasha moto.