Nataka nyumba kama zile za baharini, ila mi niko Ntyuka

SWALI: Shikamoo kaka. Nina kiwanja Ntyuka hapa Dodoma, kina mteremko afu kina majabali na mbuyu mmoja mkubwa. Nimeona picha za nyumba za baharini za Sea Ranch kule California, za mbao, hazina rangi, paa limelala upande mmoja, yani zimekaa kama zimeota palepale. Nimezipenda mno. Fundi anasema tulete greda tusawazishe, majabali tupasue, afu tuezeke kwa kuficha bati nyuma ya ukuta. Mume wangu anasema nyumba ya bahari kwenye vumbi letu haiwezekani. Tufanyeje? – Mama wawili, Ntyuka

JIBU: Marahaba dada yangu. Greda lisubiri kwanza, nakuomba sana, maana jabali likishapasuliwa halirudi.

Jengo lile maarufu la Sea Ranch lilikamilika 1965, ni nyumba 10 zimeungana, walilichora Moore, Lyndon, Turnbull na Whitaker, na aliyepanga eneo lote ni Lawrence Halprin, ambaye alianza kwa kusoma upepo na ardhi ndo michoro ikafuata. Paa limelala vile ili upepo wa bahari uteleze juu, na halitokezi nje ya ukuta kwa sababu upepo ule ungelisumbua. Sasa ukikopi hilo Dodoma umeumia, kule pwani yao ina baridi na ukungu wanalitafuta jua, sisi tunalikimbia, kwa hiyo wewe paa litokeze vizuri na baraza liwe pana. Na mbao tupu zikigusa udongo huku mchwa hawakuachii.

Mi naona mwangalie tembe la Wagogo. Fupi, paa tambarare la miti na udongo, ukiwa mbali unaona ardhi imeinuka kidogo tu, upepo unapita juu na ndani mchana kuna ubaridi. Sisemi mjenge tembe, mvua inalisumbua, ila ufupi ule na ukuta mnene chukueni.

Madirisha makubwa yaelekee kaskazini na kusini, magharibi weka dogo kabisa, jua la saa kumi jioni ni kali. Upepo wa kiangazi unatoka mashariki na kusini mashariki na vumbi lake, upande huo weka stoo na ukuta mzito. Msingi ushuke kwa ngazi kufuata mteremko, injinia akague kama majabali yamekaa imara, na hata ukuta ukiwa wa mawe usikose nguzo na mkanda wa zege na nondo, matetemeko huku yanafika. Kuficha bati sikushauri, vumbi na majani vinaziba gata ya ndani afu mvua ya Desemba inaingia sebuleni. Bati lionekane tu, lisilong'aa, rangi ya udongo wenu, na gata ipeleke maji kwenye simtanki maana mvua yetu ikiisha Aprili ndo basi.

Mbuyu msiukate, jengeni mbali na mizizi yake, ila msiutegemee kwa kivuli kwa sababu kiangazi unapukutisha majani. Kivuli cha Oktoba kitoke kwenye baraza.

Michoro ikiwa tayari tutumie tuione kabla hamjapeleka jiji kuombea kibali.