Mashine ya mtetemo: itamfaa mama mwenye kisukari na mifupa iliyopungua?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 64, ana kisukari, na alipopimwa mifupa aliambiwa imeanza kupungua ingawa haijafikia hatua mbaya. Jirani alimpeleka kwenye banda wanapowapandisha watu bure kwenye mashine inayotetemeka. Amekwenda wiki nzima na anasema miguu imekuwa myepesi. Sasa wanataka kumuuzia kwa awamu. Wanasema inaimarisha mifupa, inashusha sukari na presha, inaondoa kitambi, na dakika 10 ni sawa na kutembea saa nzima. Ina namba 1 hadi 99. Kuna ukweli gani hapo? Na akinunua, aweke namba ngapi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba, na mama msalimie. Umefanya vizuri kuuliza kabla hela haijatoka.

Nianze na huo wepesi wa miguu, maana ni wa kweli na ndio unaowauzia mashine. Ndani ya misuli kuna vipokezi vidogo vinavyopima jinsi misuli inavyovutwa. Ubao ukitetemeka mara 30 kwa sekunde, vipokezi hivyo vinapeleka taarifa ya kuvutwa mara 30 kwa sekunde, na uti wa mgongo unajibu kwa kuiamuru misuli ikaze, mwenye mwili asiamue chochote. Eklund na Hagbarth wa Sweden waliueleza mwitikio huu mwaka 1966. Misuli ikifanya kazi, damu huijia kwa wingi, miguu inapata joto na inakuwa myepesi. Wengine siku za mwanzo miguu huwawasha na ngozi kuwa nyekundu. Hiyo ni mishipa midogo iliyotanuka. Wakimwambia ni sumu inatoka, asiwaamini.

Kwa hiyo mtetemo kazi yake ni kuifanyisha misuli kazi, na faida zake za uhakika ziko hapo hapo kwenye misuli. Kwa mzee ambaye hafanyi mazoezi mengine, kusimama kwenye ubao huo mara chache kwa wiki kunaweza kuyaongezea mapaja nguvu na kumsaidia asiyumbe anaponyanyuka kwenye kiti. Si jambo dogo, kwa sababu mifupa ya wazee huvunjika wanapoanguka. Ila mama anayelima, anayepanda vilima na kubeba ndoo ya maji hataona tofauti kubwa.

Kwenye mifupa ndipo habari inapopotoshwa zaidi, naomba unifuatilie vizuri. Mwaka 2001 Clinton Rubin na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti wa kondoo waliosimamishwa kwenye ubao wa mtetemo mdogo sana dakika 20 kwa siku, mwaka mzima. Sehemu ya mfupa wa paja iliyo kama sifongo iliongezeka wingi kwa takriban asilimia 34. Dunia ilishangilia, na wauzaji wanaishi kwa matokeo hayo hadi leo. Halafu wakapimwa binadamu. Mjini Toronto wanawake 202 waliokoma hedhi walifuatiliwa kwa miezi 12, matokeo yakatoka 2011: mifupa ya waliotetemeshwa haikuwa na tofauti na ya wasiotetemeshwa. Utafiti mwingine wa Marekani uliwahusu wazee 174, dakika 10 kila siku, na matokeo ya 2015 yalikuwa yale yale.

Upo utafiti wa Leuven, Ubelgiji, wa mwaka 2004, ambao ulitoa jibu zuri kidogo: wanawake 70, miezi sita, na mfupa wa nyonga uliongezeka kwa chini kidogo ya asilimia 1. Lakini wale hawakusimama tu. Walikuwa wakichuchumaa na kuinuka juu ya ubao, na mtetemo wenyewe ulikuwa mkali kuliko ule wa Toronto. Januari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu mkanda wa mtetemo unaofungwa nyonga kwa wanawake waliokoma hedhi ambao mifupa imeanza kupungua kama ya mama yako. Huo ni mkanda wa aina yake, wenye kipimo chake, na unatolewa kwa cheti cha daktari. Mwenye ubao wa bandani hawezi kuazima sifa za mkanda huo.

Sasa swali lako la namba, ambalo naona ndilo zito. Namba ya 1 hadi 99 kwenye mashine nyingi za bei nafuu haisemi mitetemo ni mingapi kwa sekunde. Ni kitufe tu cha kuongeza na kupunguza. Unachotakiwa kujua ni vitu viwili: ubao unatetemeka mara ngapi kwa sekunde, na unapanda na kushuka milimita ngapi. Ukiongeza mara mbili idadi ya mitetemo, nguvu inayomsukuma aliyesimama inakuwa mara nne. Ukiongeza mara mbili milimita, nguvu inakuwa mara mbili. Ubao unaotetemeka mara 30 kwa sekunde na kupanda milimita 2, kisha kushuka milimita 2 chini ya usawa wake, unasukuma kwa zaidi ya mara 7 ya nguvu ya uvutano wa dunia. Kondoo wa Rubin na wanawake wa Toronto walipata mara 0.3 tu. Tofauti hapo ni zaidi ya mara 20, na zote mbili zinauzwa kwa jina moja la tiba ya mtetemo! Muulize muuzaji Hz ngapi (yaani mitetemo mingapi kwa sekunde) na milimita ngapi. Akishindwa kujibu, na kijitabu cha mashine hakisemi, mimi siwezi kukutajia namba ya kuweka, na mtu mwingine yeyote akikutajia anabahatisha.

Wala tusisahau kwamba mtetemo ukizidi ni madhara yanayojulikana kazini. Madereva wa malori na matrekta huumwa migongo kuliko wafanyakazi wengi, na Umoja wa Ulaya una sheria tangu 2002 inayoweka kikomo cha mtetemo wa mwili mzima kwa siku ya kazi. Dereva anakaa saa nyingi na mama atasimama dakika chache, kwa hiyo siwalinganishi moja kwa moja. Nataka tu uone kwa nini nasisitiza dakika zihesabiwe na mkao uwe sahihi.

Mkao ni huu. Magoti yakunjwe kidogo, kama mtu anayetaka kukaa akaahirisha. Uzito uelekee sehemu ya mbele ya nyayo, mgongo unyooke, mikono ishike vishikio. Magoti yaliyokunjwa yanaufyonza mtetemo. Yaliyonyooka kama mti yanaupitisha hadi kichwani. Kipimo chako ni macho yake: akiona maandishi ya ukutani yanacheza, au meno yanagongana, mtetemo unafika kichwani na ashuke. Aanze na sekunde 30, apumzike kwa muda kama huo, arudie mara nne au tano, siku mbili au tatu kwa wiki zisizofuatana.

Lakini kabla ya hayo yote, kisukari. Akisema miguu ina ganzi au inawaka moto usiku, ujue mishipa ya fahamu ya nyayo huenda imeathirika, na mtu wa aina hiyo anaweza kupata lengelenge au kidonda asihisi. Mguse nyayo kwa ncha ya unyoya au uzi akiwa amefumba macho, akuambie ulipomgusa. Akikosea, asipande mpaka aonwe kliniki. Macho nayo: kisukari kikiwa kimegusa retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), mtetemo si wa kujaribu bila ruhusa ya daktari wa macho. Pia asipande kabisa mwenye damu iliyoganda kwenye mshipa wa mguu, betri ya moyo, mfupa uliovunjika karibuni, kifafa, mawe kwenye figo au nyongo, diski inayomuuma mgongoni kwa sasa, au mjamzito. Na mtu ambaye pingili ya mgongo imeshawahi kubonyea kwa udhaifu wa mifupa, hapana.

Sukari: tafiti ndogo zimeonyesha kushuka kidogo kwa baadhi ya watu, kwa kiasi ambacho hakimruhusu mtu kupunguza hata kidonge kimoja. Presha vivyo hivyo. Nakuomba hili ulisimamie wewe mwenyewe, kwa sababu nimewaona wagonjwa walioacha dawa baada ya wiki ya bandani, na sukari ikapanda vibaya. Kitambi: ukipima oksijeni anayotumia mtu aliyesimama pale, anatumia karibu sawa na anayetembea taratibu kwa dakika zile zile. Dakika 10 ni dakika 10.

Kwa mama yako, hela hiyo ningeitumia hivi. Kwanza kamlipie mtaalamu wa fiziotherapia wa hospitali ya mkoa amfundishe kuinuka kwenye kiti bila kushika, kusimama mguu mmoja karibu na meza, na kunyanyua uzito unaoongezwa polepole. Huko Australia utafiti uliochapishwa 2018 uliwagawa wanawake 101 waliokoma hedhi makundi mawili, na kundi moja likapewa mazoezi mazito ya uzito na kuruka chini ya usimamizi, nusu saa mara mbili kwa wiki, miezi minane. Mifupa yao ya uti wa mgongo iliongezeka kwa karibu asilimia 3, wakati kundi la mazoezi mepesi ya nyumbani lilipoteza zaidi ya asilimia 1. Uzito wa kiwango kile asijaribu peke yake nyumbani. Pili, muulize daktari wake kuhusu vitamini D, kalsiamu, na kama majibu ya mifupa yanahitaji dawa. Tatu, raba nzuri za kisukari zisizobana.

Kama ameshalipa awamu ya kwanza, isiwe ugomvi nyumbani. Mpime ganzi leo jioni, mwende na kijitabu cha mashine kliniki siku ya kisukari, na dawa zake aendelee kumeza kama kawaida. Hz na milimita zikijulikana niandikie, nitakwambia pa kuanzia.