Riwaya Ikikataa Kuisha

Kila anayeanza riwaya huwa na hesabu yake kichwani. Yangu ilikuwa maneno 40,000, mwanamke mmoja wa Dunga, ufuo wa wavuvi hapa Kisumu, anayechuuza omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, na miezi minne tu ya kalenda: Aprili hadi Julai, wakati uvuvi wa omena unapofungwa ili samaki wazaane. Nilijiona nimejifunga vizuri. Agosti mitumbwi inarudi ziwani, riwaya imekwisha, tunakwenda nyumbani. Mswada ulipovuka maneno 90,000, mchuuzi wangu alikuwa bado yuko Mei, hajauza hata gorogoro moja, lile kopo la kupimia.

Kama na wewe umefika hapo, nakusihi usikate kitu kwanza. Najua mkono unawasha. Lakini ukianza kufyeka kabla ya kufika mwisho utafyeka kwa hofu, na hofu haijui sura ipi inabeba hadithi na ipi inabebwa. Nimeona mwenzangu akipunguza theluthi nzima ya kazi yake kwa wiki moja, kisha akafika mwisho akakuta kwamba kisa alichokitupa ndicho kilichoeleza kwa nini dada mtu alikimbia nyumbani. Ilibidi akiandike upya, na alinung'unika sana.

Sehemu ya hofu yenyewe tumerithi shuleni. Riwaya tulizosoma kidato cha tatu na cha nne hazikuwa nene, na wachapishaji wetu wengi wanaishi kwa vitabu vya shule, basi mwandishi wa Kiswahili anakua akiamini kwamba kurasa mia mbili ndiyo dari. Si dari. Tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo baadaye ilibadilishwa jina kuwa Safal-Cornell, imekuwa ikidai bunilizi isiyopungua maneno 50,000. Yaani mpango wangu wa awali ungekataliwa mlangoni kwa ufupi! Kumbuka pia kwamba ushauri mwingi wa mitandaoni kuhusu idadi ya maneno umeandikwa kwa ajili ya Kiingereza. Kitenzi chetu kimoja humbeba mtenda, wakati na mtendwa kwa pamoja, na kompyuta inakihesabu kuwa neno moja. Maneno 60,000 ya Kiswahili ni kitabu kizito kuliko unavyodhani, kwa hiyo usijipime kwa rula ya jirani.

Sasa tuje kwenye kiini. Kwa jinsi ninavyoona, riwaya ikivimba, mara nyingi ni kwa sababu kuna mtu ameingia ndani na kuikalia, na mwandishi hajamtambua. Kwangu alikuwa babu.

Babu huyu nilimwingiza kwenye sura ya tatu ili mchuuzi apate mtu wa kumkopa pesa. Nikampa kazi ya zamani, ufundi wa reli na meli hapa bandarini Kisumu, kwa sababu mzee lazima awe alifanya kitu. Hapo ndipo niliponaswa. Nilianza kusoma habari za meli ya Victoria: iliundwa Scotland, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa baharini hadi Mombasa, vipande vikapakiwa kwenye garimoshi hadi Kisumu, na hapa hapa mafundi wakaiunganisha upya. Ilianza kazi 1961. Ilizunguka ziwa lote, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 ikabaki upande wa Tanzania. Niambie wewe mwandishi utalala vipi ukiwa na kitu kama hicho mezani. Mzee aliyekaza msumari wa chuma kwenye meli, kisha meli ikawa ya nchi nyingine! Nikaandika sura moja ya kisengerenyuma, nikaandika ya pili, nikampa babu mpenzi kule Mwanza. Kila nilipomrudia mchuuzi na nyavu zake tupu, nilikuwa namrudia kwa wajibu tu.

Namna ya kumgundua mkaaji kama huyu si ngumu. Chukua daftari la shule, la mistari, na kila sura uipe mstari mmoja. Andika nani anataka nini, na mwisho wa sura nini kimebadilika. Usiandike kinachotokea, maana kila sura ina kinachotokea; hata sura ya watu kunywa chai ina kinachotokea. Andika kilichobadilika. Sura ya saba yangu ilisomeka hivi: "Mchuuzi anataka kukopeshwa, mwishoni anajua kwamba babu ana deni kubwa kuliko lake." Hiyo imesimama. Ya nane: "Babu anakumbuka garimoshi lilivyoingia na vipande vya meli." Haikuwa na anayetaka kitu, na hakuna kilichobadilika. Na bado ndiyo niliyokuwa nikiipenda kuliko zote, nikiisoma kwa sauti usiku kama mwendawazimu.

Ukimaliza orodha, hesabu majina. Jina linaloongoza kwenye "anataka" ndilo lenye riwaya, hata kama jalada ulilolichora akilini lina sura ya mwingine. Yakitoka majina mawili yanayokaribiana, na kila moja linataka kitu ambacho mwenzake hakihitaji, una vitabu viwili vilivyobanana ndani ya jalada moja.

Mswada nilimpa pia mwalimu wa Kiswahili ninayemfahamu, mama mmoja asiyebembeleza mtu. Sikumwomba asahihishe, nilimwomba aweke alama ya penseli pembeni kila mahali aliporuka mistari. Ombi hilo nakushauri ulitumie neno kwa neno, kwa sababu ukimuuliza rafiki "umeonaje?" atakuambia ni nzuri. Aliporudisha mswada nilimkaribisha chai.

"Mwalimu, sema tu," nikamwambia.

"Nimesema na penseli, mwanangu. Huyo mzee wako mtamu, lakini mimi nilikuwa namngoja yule mama. Nilidhani amekufa njaa huko nyuma."

Alama zake zilinionyesha pia mafuta mengine ambayo hayakuhusu babu. La kwanza, salamu. Sisi ni watu wa salamu, na wahusika wangu walikuwa wakiulizana habari za nyumbani, za watoto, za kazi na za mvua kabla hata mtu hajasema alichokuja kusema. Maishani ni adabu. Kitabuni, salamu zikirudiwa sura baada ya sura, zinakula kurasa. Bakiza zile zinazoficha ugomvi. La pili, insha. Aliyefunzwa kuandika kwa ajili ya mtihani atafungua sura kwa jua kuchomoza na ndege kuimba, aongeze methali tatu ili mtahini aone kwamba anazijua. Hakuna mtahini hapa. La tatu ni utafiti unaojionyesha. Nilikuwa na ukurasa mzima juu ya taa zinazotumiwa usiku kuvutia omena, na msimu wenyewe umefungwa, hakuna taa yoyote ziwani! Kuondoa vitu hivi vitatu peke yake kulipunguza mswada kwa kiasi ambacho sikutarajia, na sikupoteza hata tukio moja.

Kwa hiyo utaratibu wangu ni kwenda hadi mwisho kwanza, hata kwa sura nyembamba zenye maelezo ya juu juu tu. Halafu orodha ya daftari. Halafu msomaji wa penseli. Kisha ndipo unaamua. Uamuzi wenyewe hauna njia nyingi. Kama daftari linaonyesha mtu mmoja anayetaka jambo moja na kila sura inamsogeza, acha riwaya iwe ndefu na usiombe radhi. Kama ni watu wawili, tenganisha. Ila kutenganisha si kupasua katikati, kitabu cha kwanza kikaishia pale karatasi zilipojaa. Wapo wanaofanya hivyo na kuita "sehemu ya kwanza", na mimi kama msomaji huona nimetapeliwa. Kila kitabu kiwe na mwisho wake unaojibu swali lake. Changu kilikuwa rahisi kwa sababu kalenda ilinisaidia: Agosti lazima mitumbwi itoke, na mchuuzi ama ana mtaji ama hana.

Babu nilimtoa karibu mzima. Ameachiwa mazungumzo moja, anashona wavu kuukuu kibarazani huku akimsimulia mchuuzi ile meli, na anasimulia akiwa na sababu: anataka asiulizwe kuhusu deni. Kurasa nne zimefanya kazi ya sura sita. Zingine ziko kwenye faili nililoliita Mabaki, na kabla ya kuzihamisha niliweka tarehe na mstari mmoja wa kueleza zilitoka wapi. Faili hilo ni dawa. Kukata kunauma kidogo sana ukijua kwamba hujatupa.

Kuna shida nyingine ambayo haimo kwenye mswada, nayo ni watu. Ukitangaza kwamba unaandika kitabu, shemeji atakuuliza kila Krismasi kimefika wapi, na "bado" inaanza kunuka uvivu. Mimi niliacha kutaja tarehe ya kumaliza. Nikiulizwa, nasema mchuuzi amefika mwezi gani. "Yuko Juni." Wanacheka, wanauliza Juni kuna nini, na nikilazimika kueleza ndipo ninapogundua kama Juni kweli kuna kitu.

Mwisho kabisa, fedha. Karatasi ni gharama, na wachapaji hutumia karatasi kubwa ambayo mara nyingi hukunjwa ikatoa kurasa 16, hivyo mchapishaji anafikiria kitabu kwa mafungu ya 16. Ukizidisha kurasa tatu juu ya fungu, umemwongezea karatasi nzima au umemlazimisha kubana herufi. Mhariri akikwambia "punguza kurasa nane", mara nyingi hana ugomvi na sanaa yako, kwa hiyo muulize kwanza anafukuzia idadi gani kabla ya kununa. Na katika barua ya kuwasilisha mswada, taja idadi ya maneno kama ilivyo, bila kuipunguza ili usimtishe. Faili atalifungua, na kompyuta yake inajua kuhesabu kama yako.