Huhitaji akili mnemba ili kompyuta itunge shairi

Umeuliza kama ni lazima akili mnemba iwepo ndipo kompyuta itunge shairi. La hasha. Mwaka 1952 Christopher Strachey, mtaalamu wa kompyuta wa Uingereza, aliifanya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Manchester iandike barua za mapenzi, kwa kuchota maneno kibahatinasibu na kuyapachika kwenye sentensi zenye mapengo. Mahaba ya kuchekesha, lakini mahaba. Mwaka 1959 Theo Lutz wa Ujerumani naye akachanganya maneno ya riwaya ya mwandishi Franz Kafka kwa mtindo huohuo.

Anza hivyo: orodha ya nomino, ya vitenzi na ya vivumishi, basi. Kitakachokusumbua ni upatanisho wa kisarufi, maana programu itakuandikia "kisima mrefu" bila haya. Hifadhi kila nomino pamoja na ngeli yake, kivumishi ukiache shina tupu (-refu, -zuri), kiambishi kije baadaye. Ngeli ya I-ZI ina vituko vyake: -refu inageuka "ndefu", kwa hiyo hayo yaorodheshe mwenyewe.

Mizani, yaani idadi ya silabi katika mshororo, ni rahisi mno. Hesabu irabu, ongeza m au n inayosimama yenyewe kama silabi, mfano "mtu" na "nchi". Vina ni kulinganisha silabi za mwisho tu. Mimi ningezalisha mishororo elfu moja, programu itupe yote isiyotimiza mizani 16, halafu ningesoma iliyobaki mmoja mmoja. Mingi itakuwa upuuzi, na upuuzi mwingine utaupenda.