Maswali ya Wasomaji: Je, Niripoti Kosa Lililofanywa kwa Nia Njema?

SWALI: Ndugu mshauri, ninafanya kazi katika idara ya hesabu ya hospitali. Mkuu wangu, mtu mzima aliyenifundisha kazi na ambaye ninamheshimu kama mzazi, amekuwa akighushi fomu za msamaha wa malipo ili wagonjwa wasio na fedha watibiwe. Niligundua nilipokuwa nikilinganisha mafaili ya mwisho wa mwezi. Fomu tatu za siku tofauti zilikuwa na sahihi ya ofisa ustawi wa jamii ambaye siku hizo alikuwa likizoni, na mkia wa herufi ya mwisho ulikuwa umevutwa juu vilevile anavyouvuta mkuu wangu katika sahihi yake mwenyewe. Nilipomuuliza hakukana. Alisema hajachukua hata senti moja, na kwamba wapo wagonjwa wanaofariki maombi yao halali yakiwa bado mezani. Ninaamini anasema kweli. Je, nimripoti au ninyamaze?
Msomaji asiyetaka jina lake litajwe

JIBU: Ndugu msomaji, kama mkuu wako ametenda kosa si jambo la kujadili kwa kirefu. Kughushi sahihi ya mtu ili fedha zisidaiwe ni jinai karibu kila mahali, na nia njema haiifuti. Sheria huitambua nia hiyo, lakini mara nyingi huitambua inapofika hatua ya kupima adhabu. Mwaka 1884 mabaharia wa Uingereza ambao chombo chao kilizama walimuua kijana mmoja miongoni mwao wakiwa ndani ya mashua ndogo, wakamla ili wasife njaa. Walipookolewa na kufika nchi kavu wakaeleza wenyewe yote waliyoyatenda. Mahakama ilikataa kwamba dhiki inahalalisha kuua, ikawahukumu wawili wao kifo, kisha adhabu ikapunguzwa hadi kifungo cha miezi 6. Hatia ilibaki palepale, ila dhiki yao ilihesabiwa, na ilihesabiwa kwa sababu habari yote ilikuwa imewekwa wazi.

Zipo kesi ambazo mahakama imekwenda mbali zaidi. Mwaka 2016 mahakama ya juu kabisa ya rufani nchini Italia ilifuta hatia ya mtu asiye na makazi aliyekamatwa na jibini na soseji zenye thamani ya takriban euro 4, kwa kuwa alichukua kidogo ili kukidhi njaa aliyokuwa nayo wakati ule. Mkuu wako angependa kusimama karibu na mtu huyo, nami namwelewa, lakini alichokifanya kimekwisha kuwa desturi na kinafanyika kwa siri. Martin Luther King, aliyeandika kutoka jela ya Birmingham mwaka 1963 akitetea haki ya kuvunja sheria dhalimu, alishikilia kwamba anayefanya hivyo aifanye hadharani na awe tayari kuipokea adhabu. Mkuu wako hajatimiza hata moja kati ya hayo mawili.

Zaidi ya yote, ningependa umfikirie yule ofisa aliyekuwa likizoni, ambaye katika barua yako amepita kwa nusu sentensi tu. Siku wakaguzi watakapozifungua fomu hizo, wa kwanza kuitwa atakuwa yeye, kwa kuwa jina lililo chini ya karatasi ni lake, naye atalazimika kuthibitisha kwamba hakuandika kile kinachoonekana kuwa ameandika. Iwapo bajeti ya msamaha ina kikomo, kama ilivyo kawaida, basi yupo pia mgonjwa mwingine aliyefuata utaratibu ambaye anaweza kuambiwa fungu limekwisha. Mkuu wako anatoa sadaka kwa jina la mtu ambaye hakumuuliza, na kwa fedha ambazo si zake. Hapo ndipo mimi ninapoona kwamba kunyamaza moja kwa moja hakufai, hata kama moyo wake ni mweupe.

Kuhusu wajibu wako kisheria, nchi hazifanani. Uingereza ilifuta mwaka 1967 kosa la zamani la kutotoa taarifa za jinai kubwa. Ufaransa bado inaadhibu anayejua uhalifu mzito ambao madhara yake yanaweza kuzuiwa asiviarifu vyombo vya dola, ingawa kwa sehemu kubwa inawasamehe ndugu wa karibu. Muulize wakili wa nchini kwako kabla ya kufanya lolote, kwa sababu mtumishi wa hesabu anaweza kuwa na masharti ambayo mpita njia hana. Popote ulipo, hata hivyo, ukiidhinisha fomu unayojua ni ya kughushi, au ukiiondoa kwenye faili, utakuwa umeacha kuwa shahidi na kuwa mshiriki. Kwa hiyo acha leo kuzipitisha.

Wakili asipokuwa na pingamizi, rudi kwa mkuu wako, faragha na kwa heshima anayostahili, umwambie kwamba hutaendelea kuificha habari hii na kwamba unampa siku chache aipeleke mwenyewe kwa uongozi. (Angekuwa anahatarisha maisha ya mtu nisingekushauri umpe hata saa moja.) Akiifikisha yeye, atapata nafasi ya kueleza sababu zake kabla hajashtakiwa, na ucheleweshaji wa maombi halali utajadiliwa pamoja na kosa lake. Akikataa, mwandikie mkaguzi wa ndani. Taja namba za fomu, tarehe na uliyoyaona kwa macho yako, bila kuongeza dhana. Andika pia sababu aliyokupa, kwa maneno yake, pamoja na muda ambao maombi halali huchukua kujibiwa, kwa kuwa taarifa inayoliacha hilo itakuwa pungufu na haitamtendea haki. Pengine ataona umemsaliti na hatakusemesha kwa muda mrefu. Hilo sina dawa yake, ila usikubali kulikwepa kwa kutuma barua isiyo na jina huku ukiendelea kumsalimia kila asubuhi, isipokuwa una sababu ya kweli ya kuogopa kulipiziwa kisasi.