Niliujua mji wangu wa Tanga nilipoanza kumsimulia baba

Mdogo wangu uliyeuliza, umeandika kwamba umezaliwa na kukulia Tanga, kwamba mgeni wako anafika mwezi ujao, na kwamba ukiyatoa Mapango ya Amboni huoni cha kumwonyesha. Nimelisoma swali lako mara mbili, kwa sababu miaka michache iliyopita ningeweza kuliandika mwenyewe, neno kwa neno. Nitakujibu kwa yaliyonipata, na kwa kuwa ni marefu kidogo naomba univumilie.

Mimi ni mzaliwa wa Ngamiani, mtaa wa hapa Tanga. Nilipomaliza shule niliondoka, nikafanya kazi Dar es Salaam miaka 16, na nyumbani nilikuja kwa misiba na sikukuu, siku mbili tatu kisha nikarudi stendi. Wenyewe husema "waja leo, waondoka leo", nami nilikuwa mja wa namna hiyo katika mji wa kwetu. Nilirudi kuishi pale baba alipopoteza uwezo wa kuona. Ilikuwa presha ya macho, maradhi ambayo kwa kawaida huanza kula pembeni mwa uoni, polepole na bila maumivu, hata mtu akija kugundua, kilichokwisha kupotea hakirudishwi na dawa wala upasuaji. Matibabu hulinda kilichobaki, na kwa baba hakikuwa kimebaki kitu. Ndugu mliovuka miaka 40, nendeni mkapime macho hata kama mnaona vizuri.

Baba alikuwa fundi seremala maisha yake yote, na mtu wa kazi hiyo hawezi kukaa ndani. Kila asubuhi baada ya chai alitaka kutembea, nami nikamshika mkono. Siku ya kwanza tulipita kwenye barabara zetu za namba kuelekea relini, akaniuliza, "Unaona nini?" Nikamjibu, "Hakuna kitu, baba, ni nyumba tu." Alisimama. Hakukasirika, ila hakuinua mguu tena. Akasema, "Nyumba gani, mwanangu? Baraza yake imeinuka kiasi gani? Ubao wa ukingoni mwa paa umekatwa vipi?" Ilikuwa nyumba ambayo barazani kwake nilicheza utoto wangu wote, na nililazimika kugeuka na kuitazama ndipo nimjibu.

Nilipoitazama, niliona baraza ya saruji nyekundu iliyong'aa katikati, pale tu watu wanapokaa, na pembeni imebaki kavu na chakavu. Niliona ubao wa ukingo wa paa uliokatwa meno, kila jino likiwa na tundu dogo la duara. Baba akanieleza kwamba meno yale si pambo tu, kwa kuwa maji ya mvua hukusanyika kwenye ncha na kudondoka chini badala ya kurudi nyuma na kuulowesha ukuta. Tangu siku ile, kila mvua inaponyesha nazitazama ncha zile, na ndivyo zinavyofanya.

Tulichukua wiki kadhaa kuimaliza Ngamiani, kisha tukavuka reli. Nadhani unavuka pale kila siku kama nilivyokuwa nikivuka, bila kufikiri kwamba ujenzi wa reli ile ulianza mwaka 1893 hapa hapa Tanga, ukapanda polepole kuelekea Usambara hadi kufika Moshi mwaka 1911, na kwamba reli hiyo ndiyo iliyougawa mji wetu katika nyuso mbili. Upande wa Ngamiani nyumba ni za chini na watu hukaa nje wakitazamana. Ukishavuka, zinaanza ghorofa za wafanyabiashara wa zamani, nyingi zikiwa na duka chini na makazi juu, na nguzo zinazokukinga jua kutoka duka moja hadi jingine. Tembea chini ya kivuli hicho saa sita mchana, halafu toka nje hatua mbili, na mwili wako wenyewe utakueleza kwa nini waliojenga walijenga vile.

Ni huko mjini ndiko nilikopata jambo ambalo sitalisahau. Tulifika kwenye mlango wa zamani wa msaji, wenye mfaa, ule ubao wa kusimama wa katikati, na maua madogo yaliyochongwa kwenye miimo, yaani nguzo za pembeni, mlango ambao nimeupita mamia ya mara nikienda shule. Nilianza kumweleza, lakini baba aliachia mkono wangu, akaupapasa mwimo wa kulia kutoka juu kushuka chini, polepole, mpaka akachuchumaa. Karibu na kizingiti vidole vyake vilisimama. Akasema, "Hapa si msaji. Hapa ni mvule." Niliinama nikatazama kwa karibu, nikaona mstari mwembamba kama unywele, wa mshazari, ambapo mbao mbili zilikutana bila msumari hata mmoja, zimeshikwa na vigingi viwili vya mti. Mwimo ulikuwa umeoza chini kwa maji ya mvua, na yeye ndiye aliyeitwa kuukata na kuunga kipande kipya, kabla mimi sijazaliwa. Maua aliyoyachonga kwenye kipande kile yamefuatana na yale ya zamani kiasi kwamba macho yangu hayakuweza kuyatenga, ila vidole vyake viliweza. Hakuwahi kunitajia kazi ile, nami sikuwahi kumuuliza.

Baada ya hapo nilianza kutafuta kwa bidii. Nilikwenda kwenye makumbusho ya Urithi, katika boma la zamani la Wajerumani, nikazitazama picha za mitaa ya zamani na kurudi nazo kichwani barabarani. Nilisoma kuhusu vita vya Novemba 1914, wakati jeshi la Waingereza, ambalo askari wake wengi walikuwa Wahindi, liliposhuka upande wa Raskazone na kurudishwa baharini, huku nyuki wakiwashambulia watu katikati ya mapigano. Makaburi ya askari hao yapo hapa hapa mjini, na mimi nilikua bila kuingia hata siku moja.

Tuliwahi pia kwenda Tongoni, umbali usiofika kilomita 20 kwa barabara ya Pangani, kwenye msikiti uliobomoka na makaburi ya nguzo ya karne nyingi zilizopita. Upande huo huo wa kusini ndiko Vibambani, alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Kwenye nguzo za Tongoni kuna mashimo ya duara ambamo zamani yalibandikwa mabakuli ya kauri kutoka ng'ambo, na mabakuli yenyewe yamekwisha kutolewa. Baba aliingiza kiganja chake ndani ya shimo moja, akakizungusha kwenye chokaa, na akakaa kimya muda mrefu. Nisingekuwa naye, ningepiga picha nguzo na kuondoka.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ushauri wangu ni kwamba kabla mgeni hajafika, umtafute mtu wa kumsimulia mtaa wako kwa sauti. Kama huna, jisimulie mwenyewe njia nzima kutoka kwenu hadi sokoni, na kila utakaposema "hakuna kitu" usimame hapo hapo. Amboni mpeleke, ni pazuri, lakini pasiwe pa kwanza.

Mahali pa kumalizia siku ni bustani ya Jamhuri, juu ya bandari, Kisiwa cha Toten kikiwa mbele yenu. Kila tukifika pale baba huniuliza kwanza kama maji yamejaa au yamekupwa, kisha kama kuna meli nje. Yeye anaikumbuka bandari ya matishari, yaani vyombo bapa vya kubebea mizigo, wakati meli zilipotia nanga mbali na mzigo ukaletwa gatini kidogo kidogo, kabla kina hakijachimbwa kutoka mita 3 hadi mita 13 katika miaka hii ya karibuni. Tazama mwezi kabla ya kupanga safari. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kukupwa kupita kawaida, mwezi ukiwa mpevu au ukiwa umeandama, asubuhi kati ya saa nne na saa tano maji huwa yamekwenda mbali na matope yamebaki wazi, na ifikapo saa kumi au kumi na moja jioni huwa yamerudi yakajaa. Mpeleke mara zote mbili kwa siku moja, na mkae sehemu ile ile.